Ndege Iliyoitwa Enchogu

Niliombwa kubadilisha neno moja, nami nikakubali. Ningekataa pale pale mlangoni kwangu, nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai ya asubuhi, leo nisingekuwa na la kuandika. Sikukataa. Aliyeniomba alikuwa bakule wangu, yaani mtu tuliyetahiriwa pamoja na kukaa naye menjo moja, kibanda kimoja cha jando, na kwetu Wakipsigis mtu wa namna hiyo akikuomba kitu humwambii hapana. Watu wengi wamenishauri nijitetee kwa hilo. Sijitetei. Bakule ana haki ya kuniomba ng'ombe. Ana haki ya kuniomba nilale naye hospitalini mwezi mzima nikimlisha kwa kijiko. Hakuwa na haki ya kuniomba baba wa mtu mwingine, na mimi sikuwa na haki ya kumpa.

Bakule huyo ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Mwaka ule alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa siku ya kuwakumbuka wazee wa sehemu zetu waliokwenda vita vya pili vya Wazungu. Uwanja ulikuwa umepatikana, shule moja ya msingi kando ya barabara ya kwenda Bomet. Hema lilikuwepo, kwaya ilikuwepo, wageni wa kaunti walikuwa wamealikwa. Kilichokosekana ni kitu cha kuonwa kwa macho.

"Boiyo," akaniambia, yaani mzee kwa lugha yetu, akiketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, "watu wamechoka na hotuba. Wewe una zile ndege zako kwa kabati. Zilete, uzipange mezani, halafu utuambie ile habari ya ndege ya Bama."

"Ile si habari yangu. Ni ya baba yake Karani."

"Karani ni Mkisii."

"Na baba yake pia."

Akacheka. "Sasa niwaambie watu wetu nini? Kwamba siku ya wazee wetu tumeazima mzee kutoka Chepilat? Sema ni mzee wako. Ameshakufa, hatalalamika."

"Baba yangu wakati wa vita alikuwa anachunga ng'ombe. Kila mtu anajua."

"Nani? Waliojua wako kaburini wote. Na lile jina la Kikisii, Enchogu, liondoe. Sema Beliot. Si maana ni ileile? Kwao ni tembo, kwetu ni tembo. Neno moja tu, bakule."

Nikasema sawa.

Nieleze ndege zenyewe, maana najua mtu atasoma hapa na kuuliza mzee wa miaka sabini na kitu anafanya nini na ndege za kuchezea. Swali hilo nimeulizwa kanisani, nimeulizwa sokoni, nimeulizwa na binti zangu. Jibu langu ni lile lile. Ninyi mnaolia kila Jumamosi kwa sababu ya timu ya mpira ya Uingereza, nchi ambayo hamjui hata njia ya kwenda, mmewahi kuulizwa na nani? Hizi zangu angalau nikizishika zina uzito.

Ni modeli za chuma, zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kila moja ndogo kuliko ndege halisi mara sabini na mbili. Ni ndege za kivita za wakati ule: Spitfire, Hurricane, Mustang, moja ya Mjerumani, moja ya Mjapani yenye duara jekundu kama embe lililoiva. Kwa jumla ni kumi na tisa. Ukifunika jicho moja na kuangalia kwa karibu, unaona misumari ya bawa, unaona moshi uliochorwa kwenye mabomba ya injini, unaona mtu mdogo ameketi ndani na miwani. Hatukuzinunua kwa ajili ya watoto. Mimi na rafiki yangu Karani tulizikusanya kwa miaka mingi, moja moja, kama watu wengine wanavyokusanya mbuzi.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Kazi yangu kubwa ilikuwa rola, zile zinazosaga majani mabichi. Zinaisha meno, unazitoa, unazinoa, unazirudisha. Rafiki yangu alikuwa karani wa stoo. Kila bolti na kila mkanda niliohitaji ulipitia dirisha lake dogo lenye wavu. Alikuwa Mkisii wa upande wa Chepilat, pale soko linapokaa mpakani, mguu mmoja kwetu na mwingine kwao. Siku yangu ya kwanza dirishani niliomba beringi.

"Peringi hatuna," akasema bila kuinua kichwa. "Beringi tunazo. Unataka ipi?"

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Ulimi wetu hauoni tofauti kubwa kati ya b na p, na yeye alilijua hilo kabla hajajua jina langu.

"Nipe ile ambayo haijanatwa na ndizi za mikono yako," nikamjibu.

"Ndizi ni chakula. Mnaotia makaa ndani ya maziwa ndio mtanifundisha kula?"

Tukaanza hivyo. Tangu siku hiyo aliniita Fundi, nami nikamwita Karani, na kwa miaka arobaini hatukuitana vingine. Wake zetu walichukua majina hayo hayo. Tulipostaafu, yeye akarudi kwake, mimi kwangu, safari ya nusu saa kwa gari, na bado kila Jumamosi ya pili alasiri alikuja kukaa mbele ya kabati.

Ndege ya kwanza tuliipata Kericho mjini, kwa mama mmoja aliyeuza mitumba ya watoto. Karani aliichomoa chini ya rundo la wanasesere wasio na vichwa. "Hii nzito," akasema, na kunipa nipime kwa mkono. Ilikuwa Spitfire, rangi imechubuka, propela imepungua panga moja. Nikaenda nayo kazini. Wiki iliyofuata niliirudisha na panga jipya nililokata kwenye kipande cha shaba, nikalipiga tupa na kulipaka rangi mpaka huwezi kulitofautisha na mengine. Nilijivuna sana. Karani aliiangalia muda mrefu.

"Nani alikuambia uiguse?"

"Ilikuwa imevunjika."

"Ilivunjikia mikononi mwa mtu huko kwao. Huo ulikuwa mwaka wake, siku yake. Wewe umeufuta."

"Sasa ni nzima, Karani."

"Sasa ni uongo, Fundi."

Nilicheka nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Kuanzia hapo tukawa na sheria: hakuna kurekebisha, hakuna kupaka rangi, vumbi litoke kwa brashi laini tu. Na kila ndege ikawa na kadi yake, iliyoandikwa na yeye kwa ule mwandiko wa stoo, herufi zimesimama wima kama askari: aina yake, tuliipata wapi, imepungua nini. Kwenye kadi ya Spitfire aliandika, "Panga moja la propela ni la Fundi." Limo mpaka leo. Mimi ni mtu ambaye mkono wake hauachi kitu kilivyo, nikiona pengo naziba, na Karani alinijua hivyo mapema kuliko nilivyojijua.

Sasa habari ya baba yake. Aliniambia mara ya kwanza tukiwa tunakula mchana kiwandani, na baadaye akanisimulia mara nyingi hata nikawa naiweza kama yeye.

Mzee huyo alikuwa panyako. Ndivyo walivyoitwa waliopelekwa vitani na jembe na toroli badala ya bunduki. Walichimba barabara, walichimba vyoo, na huko Bama, nchi ya Burma, walichimba uwanja wa ndege katika matope yaliyofika magotini. Kila siku mchana ilitua ndege moja ya aina yake, tumbo kubwa, pua butu, mngurumo mzito. Kabla haijaonekana mpini wa jembe ulikuwa ukitetemeka mkononi. Hakuna aliyemwambia inaitwaje. Akaipa jina mwenyewe: Enchogu, tembo. Msije mkadhani alikuwa akiicheka unene. Katika ukoo wao tembo ni mnyama wa heshima, ndiye anayebeba jina lao. Kuipa ndege ya Mzungu jina la ukoo wake halikuwa jambo dogo. Alisema alipoiona alijua kwamba hata huko mbali hayuko peke yake.

Alirudi na blanketi moja. Hakupewa nishani, na pensheni hakuiona. Kijijini walimcheka: ulienda hadi ng'ambo ya bahari kushika jembe, si ungelishika hapa hapa? Alichobaki nacho ni Enchogu. Aliwaambia watoto wake mpaka wakamchoka. Na alishikilia jambo moja la ajabu, kwamba lile duara la rangi ubavuni mwa ndege ya Mwingereza halikuwa na nyekundu. Sasa picha zote, modeli zote tulizokuwa nazo, duara la Mwingereza katikati ni jekundu. Karani alikuwa na kidato cha nne kama mimi. Alimwambia baba yake kwa mdomo wake mwenyewe, "Mzee, hapo unaongeza chumvi." Baada ya miaka michache mzee akafa.

Miaka mingi ilipita. Binti yake Karani, muuguzi ng'ambo, akatuma sanduku. Karani alilileta kwangu bila kulifungua. Ndani kulikuwa na Thunderbolt, ndege iliyopigana Bama, tumbo kubwa, pua butu, propela ya mapanga manne. Tuliigeuza ubavu. Duara lilikuwa la buluu iliyokolea, na katikati buluu hafifu. Nyekundu hakuna. Karatasi iliyokuja nayo ilieleza kwamba upande ule wa vita waliondoa nyekundu ili marubani wasiichanganye na duara la Mjapani.

Karani aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Mzee hakudanganya," akasema. "Mimi ndiye nilimwita mwongo, Fundi. Akiwa hai. Akiwa ameketi kwenye kiti chake."

Nilimwongezea chai. Siku hiyo aliandika kadi, na aliandika polepole kuliko siku zote: "Thunderbolt. Enchogu. Baba aliiona Bama." Kutoka hapo kila aliyefika mbele ya kabati langu alisimuliwa habari ya mzee wake kutoka mwanzo hadi mwisho, atake asitake. Nilielewa kwamba Karani alikuwa analipa deni ambalo hakuna mwingine angeweza kumlipia. Nililielewa vizuri kabisa. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie sikujua nilichokuwa nafanya.

Nilichofanya ni hiki. Wiki ile ya sherehe niliitoa kadi ya Karani nikaiweka kwenye droo, nikaandika nyingine, nikiiga mwandiko wake. "Thunderbolt. Beliot. Baba aliiona Bama." Hesabu mwenyewe. Ni neno moja tu lililobadilika, kama bakule alivyosema. Hilo "Baba" halikuguswa, na bado akawa baba mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri. Niliwekewa meza yenye kitambaa cheupe, na ndege kumi na tisa juu yake. Wakanipa maikrofoni. Nilisimulia vizuri. Hilo nalo nalikiri, nilisimulia vizuri kuliko Karani, maana yeye alizoea kurudi nyuma kurekebisha tarehe na mimi sikuwa na tarehe za kuogopa. Nilichimba matope, nikatetemesha mpini wa jembe, nikaishusha Beliot. Nilipofika kwenye duara lisilo na nyekundu niliinua modeli juu, na hema zima likaguna. Vijana walikuwa wamesimama na simu zao.

"Kugo amewaka!" mmoja akapiga kelele, akiniita babu kwa lugha yetu, na watu wakapiga makofi.

Wakati wa makofi ndipo nilipomwona Karani. Alikuwa ameketi safu ya mwisho, amevaa koti lake la harusi za watoto, viatu vimepigwa rangi. Baadaye nilijua jinsi ilivyokuwa. Mke wangu alikuwa amempigia mkewe simu kumwambia kwamba Enchogu inawekwa mbele ya wageni wa kaunti. Yeye mke wangu alidhani tunamheshimu mzee wao. Na Karani alikuja akidhani hivyo hivyo. Alikuja kusikia jina la baba yake likitajwa kwa maikrofoni.

Watu walipanga foleni kupita mezani, naye akapanga. Alifika mbele yangu, akainama, akaisoma kadi. Akaisoma kama alivyosoma ile karatasi siku ile, mara mbili.

"Habari yako, mzee," akaniambia.

Miaka arobaini, na hakuwahi kuniita hivyo. Katika kinywa cha mtu mwingine ni heshima. Katika kinywa chake ilikuwa kama kufungiwa lile dirisha la stoo.

Bakule wangu alikuwa amesimama kando yangu akitabasamu. "Huyu ni mgeni wetu wa Chepilat? Karibu sana!"

"Nimekuja kuona ndege," Karani akasema. Kisha akanigeukia. "Baba yako, mzee, aliichimbia uwanja au aliiona tu ikipita?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Hilo nimeliona kila siku tangu wakati ule. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, bila hasira, ili niweze kusema, "Karani, nisamehe, huyu ni mzee wako," na tungecheka au tungegombana lakini tungerudi nyumbani pamoja. Nyuma yake watu kama kumi walikuwa wakingoja zamu. Bakule alinigusa kiwiko.

"Aliiona," nikasema.

"Aliiona," akarudia. "Haya. Asante, mzee."

Alitoka langoni bila kungoja soda wala chakula.

Siku ya tatu nilikwenda kwake. Mkewe alinipokea, akanipa kiti nje, akanipa chai. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nusu na niliona ncha ya kiatu chake ndani.

"Shemeji, niitie Karani."

"Anasema hatoki. Chai kunywa."

"Mwambie nimekosa."

"Anajua umekosa, shemeji. Si ndiyo sababu hatoki?" Akaingia ndani, akanong'onezwa kitu, akarudi. "Anasema aliyesema kwa maikrofoni akaseme kwa maikrofoni."

Haikuwa amri ngumu. Ningeweza kwenda kanisani Jumapili iliyofuata, nikaomba dakika mbili wakati wa matangazo. Badala yake nilikwenda kwa bakule wangu, na hapo naandika kosa la pili, ambalo nadhani ni baya kuliko la kwanza kwa sababu sikushtukizwa.

"Ukisema sasa utatuaibisha wote," bakule akaniambia. "Kamati, kanisa, wageni. Ngoja sherehe ya mwaka ujao. Tutapanga vizuri, useme kiungwana, hata tumwalike yeye."

Nikangoja. Miezi kumi.

Katika miezi hiyo zile simu zilifanya kazi yake. Ile video ilizunguka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine, ikavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Mke wa Karani alinieleza baadaye kilichotokea. Mumewe alikuwa kwa kinyozi pale Chepilat, akaanza kama kawaida yake kumsimulia jirani yake habari ya Enchogu. Kijana mmoja aliyekuwa akinyolewa akamkatiza.

"Guka, hiyo stori si ni ya ule mzee wa Bomet? Tuliiona kwa simu. Hata jina si hilo, ni Beliot."

"Ni ya baba yangu," Karani akasema.

"Aah, mzee anakopi!"

Wakacheka, bila ubaya, kama vijana wanavyocheka. Karani akarudi nyumbani. Mkewe alisema tangu siku hiyo hakuitaja tena ile ndege, kwake wala kwa wajukuu. Walipomwuliza alisema hakumbuki vizuri.

Alianguka akiwa shambani kwake, asubuhi, akikagua chai. Moyo. Walipomfikisha hospitalini alikuwa amekwisha. Sherehe ilikuwa imebaki wiki sita.

Nilikwenda mazikoni. Niliketi nyuma na wenzetu wa kiwandani. Wasifu wake ulichapwa vizuri, na mwanawe mkubwa akausoma. Kuhusu babu yao kulikuwa na sentensi moja, kwamba alihudumu katika vita vya pili. Basi. Nilimtuma mtu aniombee nafasi ya kusema. Yule mwana akaja mwenyewe, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mzee, familia imeamua watakaoongea ni wale waliomo kwenye programu."

"Nataka kusema habari ya babu yenu."

"Najua. Baba alisema usiseme." Akainama kidogo kwa heshima, akaenda. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningetumia maneno makali zaidi.

Wiki sita zikaisha, sherehe ikafika. Bakule wangu alinipa maikrofoni mwenyewe, akawaambia watu kwamba mzee maarufu wa video yuko hapa. Nikasimama na Thunderbolt mkononi.

"Washeni simu," nikasema. "Mwaka jana mlirekodi uongo wangu vizuri sana. Rekodini na hili."

Nikasema yote. Nikasema baba yangu hakuvuka hata mto wakati wa vita. Nikasema ndege hii inaitwa Enchogu, na mzee aliyeipa jina alikuwa panyako, Mkisii, na mwanawe alikuwa rafiki yangu, na mimi nilimnyang'anya baba mbele ya hema hili hili. Kutoka meza kuu mtu akasema kwa Kipsigis nikae chini.

"Nitakaa nikimaliza," nikamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Boiyo, unatuaibisha!" Huyo alikuwa bakule wangu.

"Wewe uliniomba nami nikakubali. Aibu ni yetu wawili, lakini leo nachukua sehemu yangu. Yako utaichukua ukitaka."

Maikrofoni ilizimwa. Nikamaliza kwa sauti yangu, na kwaya ikaanza kuimba juu yangu.

Baada ya hapo niliitwa na wale tuliotahiriwa pamoja, watu sita waliobaki. Walitaka niombe radhi kwa kumvunjia bakule heshima hadharani. Nilikataa. Walisema basi hawataniita tena kwenye mambo yao. Niliwaambia waniite wasiniite, nitasema yale yale. Ni mara ya kwanza maishani nimewaambia hapana, na nawaambia wote wanaosoma, neno hilo halikuniua. Lilipaswa kutoka mapema kuliko hapo, basi. Yule mwalimu mkuu hanisalimii sokoni. Mimi namsalimia, kwa sauti kubwa, kila mara.

Ile video ya pili haikufika popote. Ya kwanza bado inazunguka. Mwezi uliopita mjukuu wangu alitumiwa na rafiki yake wa Nairobi, ikiwa na vikatuni vya moyo.

Nilimpelekea mjane wa Karani ndege ile pamoja na kadi ya mkono wake. Kadi aliipokea. Ndege alinirudishia, akasema mumewe aliacha neno kwamba isiingie katika boma lake. Kwa hiyo iko kwangu, na kila Jumamosi ya pili alasiri kabati liko wazi kwa yeyote, Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo, mchuma chai, mwalimu. Naitaja Enchogu, kwa matamshi mabaya, na nawaambia ni nani aliyeiona na ni nani aliyeiiba. Wanangu wanasema inatosha, nimezeeka, niache. Siachi. Wengine hunipa pole. Sizitaki, wakazipeleke Chepilat.

Lakini nisijifanye kwamba ukaidi wangu umerudisha kitu. Karani aliishi miezi kumi ya mwisho nusu saa kutoka kwangu, akaniepuka, akafa hajanisamehe. Wajukuu wake wadogo hawajui babu wa baba yao alifanya nini Bama, kwa sababu aliyekuwa akiwasimulia alinyamazishwa, na aliyemnyamazisha ni mimi. Nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli maishani. Nilimpoteza kwa sababu ya makofi ya asubuhi moja.